Mwanafunzi kujaza ritani ya kodi Marekani huku bado ni mtegemezi wa mzazi

Kujaza ritani yako mwenyewe hakukutoi kwenye ritani ya mzazi. Mwanafunzi anaweza kujaza yake ili arudishiwe kodi aliyokatwa kazini, na mwaka huohuo mama yake akamtaja kwenye ritani yake kama mtegemezi. Kinachoziunganisha ritani hizo mbili ni kisanduku kimoja kwenye Fomu 1040, yaani fomu kuu ya ritani, ya mwanafunzi. Kikikosewa, mwanafunzi hapati hata senti ya ziada, ila mzazi anaweza kupoteza maelfu ya dola.

Kosa lenyewe huwa hivi. Kijana wa miaka 19 anasoma chuo, na wikendi anapanga bidhaa dukani. Mwisho wa Januari W-2, karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara na makato ya mwaka, inafika, anaona amekatwa dola 412 za kodi ya serikali kuu. Anafungua programu ya bure kwenye simu. Akiulizwa kama kuna mtu anayeweza kumtaja kuwa mtegemezi, anajibu hapana, kwa sababu ana kazi na analipa bili yake ya simu. Anatuma. Machi mama yake anakwenda kujaza, na ritani yake inakataliwa na kompyuta ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kwa sababu namba ya Social Security ya mtoto imeshatumika kwa mtu asiye mtegemezi wa yeyote.

Viwango vyote vilivyomo humu ni vya mapato ya mwaka 2025, ambayo ritani zake zinajazwa mwanzoni mwa 2026, na siku ya mwisho ni Aprili 15, 2026. Maelezo haya ni ya raia, wenye kadi ya ukaazi wa kudumu, na waliokuja kama wakimbizi ambao wamekaa Marekani mwaka mzima. Aliyekuja kusoma kwa viza ya F-1 kutoka Nairobi au Dar es Salaam asiyafuate: katika miaka mitano ya kalenda ya mwanzo, kwa kawaida huhesabiwa si mkaazi kwa mambo ya kodi. Yeye anajaza Fomu 1040-NR pamoja na Fomu 8843, na programu nyingi za bure zitamjazia fomu isiyo yake bila kumwonya.

Je, wewe ni mtegemezi?

Hupangiwi na mzazi wala hujipangii. Sheria ndiyo inayoamua, kwa kuangalia mambo haya.

Umri: tarehe 31 Desemba uwe hujatimiza miaka 19, au uwe hujatimiza 24 na ulikuwa mwanafunzi wa muda wote. Muda wote maana yake chuo kilikuandikisha hivyo katika sehemu yoyote ya miezi mitano ya mwaka, si lazima mfululizo. Aliyesoma Januari hadi Mei akahitimu, hata kama alianza kazi Juni, bado ametimiza sharti hilo.

Makazi: uwe umeishi na mzazi zaidi ya nusu ya mwaka. Hapa wanafunzi wa bweni hujidhania wamehama. Miezi unayokaa bwenini kwa ajili ya masomo huhesabiwa kuwa uko nyumbani kwa mzazi, mradi nyumbani ndiko kwako na utarudi.

Udugu: mtoto wa kuzaa, wa kambo, wa kuasili, ndugu, ndugu wa kambo, na watoto au wajukuu wa hao wote. Lugha yetu inatupa wazazi wengi kuliko sheria ya Marekani inavyowahesabu, kwa hiyo chunguza vizuri nani ni nani. Mama mkubwa aliye dada wa tumbo moja na mama yako yumo, kwa kuwa kisheria wewe ni mtoto wa dada yake. Baba mdogo aliye mdogo wake baba naye yumo. Lakini yule baba mdogo ambaye kwa kweli ni binamu wa baba yako hayumo, hata kama ndiye aliyekulea tangu kambini. Yeye anaweza kukutaja kwa mlango mwingine tu, ambao unadai uwe umeishi kwake mwaka mzima, akulipie zaidi ya nusu ya matumizi yako, na mapato yako yasifike dola 5,200. Mwanafunzi mwenye kazi huuvuka mpaka huo kabla ya Agosti. Na ikiwa mzazi wako wa kuzaa naye anastahili kukutaja, mzazi ndiye mwenye haki ya kwanza.

Matumizi: wewe mwenyewe usiwe umejilipia zaidi ya nusu ya gharama za maisha yako. Watu wengi hulielewa sharti hili kinyume. Halisemi mzazi awe amelipa zaidi ya nusu, linasema wewe usiwe umelipa zaidi ya nusu. Pia haliangalii umepata kiasi gani, linaangalia umetumia kiasi gani kwa ajili yako.

Tupige hesabu ya yule kijana wa dukani. Nyumba yao ina watu watano, kodi ya nyumba pamoja na umeme na maji ni dola 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka. Fungu lake ni 3,600. Chakula cha nyumba nzima ni dola 1,000 kwa mwezi, fungu lake kwa mwaka ni 2,400. Nguo, simu, nauli, dawa na mengineyo yake ni 3,000. Jumla 9,000, na nusu yake ni 4,500. Mwaka mzima alipata 9,800. Alizotumia mwenyewe kwa simu, mafuta ya gari na chakula cha mchana ni 2,900. Alimtumia bibi Kigoma 1,500, hizo si matumizi yake. Zilizobaki kwenye akaunti ya akiba nazo si matumizi, kwa sababu hazijatumika. Basi 2,900 ni chini ya 4,500, na kijana ni mtegemezi wa mama yake ingawa alipata kuliko gharama zake zote.

Fedha za ufadhili wa masomo, ikiwemo Pell Grant ya serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato cha chini, haziingii kwenye hesabu hii hata kidogo. Mkopo wa masomo ulio kwa jina lako unaingia, na unahesabiwa kuwa umejilipia mwenyewe. Mwenye mkopo mkubwa unaolipia chumba na chakula afanye hesabu kwa makini, maana huo ndio huwa unavusha mtu upande wa pili.

Kuna mwanafunzi ambaye hana wa kumtaja kweli. Wazazi wakiwa Tanzania na hawajazi ritani Marekani, na hakuna ndugu anayetimiza masharti, jibu la swali ni hapana. Vilevile ikiwa mzazi yuko hapa lakini hawajibiki kujaza ritani na hajazi, au anajaza ili tu arudishiwe alichokatwa kwenye mshahara, mtoto hahesabiwi mtegemezi wake.

Usichanganye haya na FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha za masomo. FAFSA ina sheria zake za nani anategemea wazazi, na kwa wengi walio chini ya miaka 24 jibu lake halibadiliki hata kama kwenye kodi hakuna aliyewataja. Bima ya afya ya mzazi nayo inaweza kukufunika hadi utimize miaka 26, mtegemezi wa kodi au siye.

Je, unalazimika kujaza?

Mtegemezi ambaye hajaoa au kuolewa analazimika kujaza ikiwa mshahara wake ulizidi dola 15,750, au mapato yasiyo ya jasho, kama riba ya benki na gawio la hisa, yalizidi 1,350. Akiwa na vyote viwili, jumla ilinganishwe na mshahara ukiongeza 450. Mwenye mshahara wa 9,800 na riba ya 35 ana jumla ya 9,835. Mpaka wake ni 10,250, hivyo halazimiki.

Lakini asipojaza, zile dola 412 zinabaki serikalini. Anayo miaka mitatu ya kuzidai, baada ya hapo zimekwenda. Kwa hiyo kanuni nyepesi: angalia sanduku namba 2 la W-2. Likiwa na kitu, jaza. Likiwa tupu na hujavuka mipaka ya juu, na jimbo halijakukata kwenye sanduku la 17, huna sababu.

Vibarua vya programu za simu ni jambo jingine kabisa. Aliyesambaza chakula au kubeba abiria kwa gari lake hupewa 1099, karatasi ya malipo ya asiyeajiriwa, pengine hapewi kitu, na faida yake baada ya kutoa gharama ikifika dola 400 analazimika kujaza hata kama hana mapato mengine. Kodi hiyo haijali kwamba uko chini ya 15,750. Faida ya 1,200 inazidishwa kwa 0.9235, unapata 1,108, kisha kwa 15.3 kwa mia, unadaiwa dola 170 hivi. Rekodi ya maili ndiyo kinga yako, na iandikwe siku ileile. Ile ya kukumbuka Aprili haitetei kitu.

Kabla ya kufungua programu

Kaeni mezani na mzazi mwulizane mambo mawili: nani anamtaja nani, na nani anatuma kwanza. Kisheria hakuna wa kutangulia, ila mzazi akituma kwanza, ritani ya mtoto iliyokosewa ndiyo inayokataliwa, na kuisahihisha yake ni kazi ndogo kuliko ya mzazi.

Kusanya W-2 za kila mwajiri uliyemfanyia kazi mwaka huo, hata yule wa wiki tatu. Waajiri wanatakiwa kuzitoa kufikia mwisho wa Januari, na kampuni nyingi huziacha kwenye tovuti ya mishahara bila kutuma karatasi. Aliyeacha kazi Juni huwa ameshasahau nywila, basi apige simu ofisi ya mishahara mapema. Chukua 1099-INT ya benki, inayoonyesha riba, kama ipo. Pakua 1098-T, fomu ya chuo ya ada na ufadhili, kutoka akaunti yako ya chuo, pamoja na taarifa ya ada inayoonyesha kila malipo na tarehe yake. Hizo mbili za mwisho zinamhusu zaidi mzazi, ila yeye hawezi kuziona, kwa kuwa ziko kwenye akaunti yako.

Toa kadi ya Social Security uiweke mbele yako. Jina liandikwe kama lilivyo pale, herufi kwa herufi. Familia zetu zina majina matatu, na mara nyingi karatasi za uhamiaji zililipeleka jina la babu mahali pa jina la ukoo, na chuo kikaandika kivingine. Kompyuta ya IRS inalinganisha na kumbukumbu za Social Security tu. Tarehe ya kuzaliwa nayo ni ile iliyo kwenye kumbukumbu hizo, hata kama nyumbani mnajua nyingine.

Kujaza

Hali ya ndoa: chagua mseja. Hata kama wewe ndiye unayewalea wadogo zako jioni, usiguse chaguo la mkuu wa kaya (head of household).

Kisha linakuja swali lenyewe. Kwenye fomu limeandikwa "Someone can claim you as a dependent". Soma neno la pili tena: linauliza kama mtu *anaweza* kukutaja, siyo kama amekutaja au atakutaja. Mzazi akiwa anastahili lakini ameamua kuacha, jibu bado ni ndiyo. Weka tiki.

Wengi huogopa kwamba tiki itawapunguzia fedha. Kwa mwenye mshahara mdogo haipunguzi. Makato ya kawaida, yaani sehemu ya mapato isiyotozwa kodi, ni 15,750 kwa mseja anayejitegemea. Kwa mtegemezi ni mshahara wake ukiongeza 450, au 1,350 kama hiyo ndiyo kubwa, bila kuvuka 15,750. Kijana wetu anapata 10,250 dhidi ya mapato ya 9,835, kodi sifuri, na 412 zote zinarudi. Asipoweka tiki anarudishiwa 412 zilezile. Zamani kulikuwa na fungu la kila mtu la kupunguza kodi ambalo aliyejitaja mwenyewe alilipata, lakini kwa kodi ya serikali kuu limekuwa sifuri tangu 2018. Ushauri wa "usikubali wazazi wakuchukue" ni wa enzi hizo.

Ingiza W-2 kama ilivyo: mshahara kutoka sanduku la 1, kodi iliyokatwa kutoka la 2, na ya jimbo kutoka la 16 na 17. Masanduku ya 4 na 6 ni makato ya Social Security (pensheni) na Medicare (bima ya afya ya wazee), asilimia 6.2 na 1.45 ya mshahara. Hizo hazirudi, usishangae kuona umekatwa dola 1,160 hivi kwa jumla na unarudishiwa 412. Anayefanya kazi ya chuo ndani ya chuo anachosoma kwa kawaida hakatwi hizo mbili. Akikatwa, aanzie ofisi ya mishahara ya chuo.

Mwisho utaulizwa mapato ya ritani ya mwaka uliopita, na hiyo namba ndiyo inayothibitisha sahihi yako. Hapa ndipo wanaojaza mara ya kwanza hukwama, wakabuni namba au wakaandika mshahara wa mwaka jana. Kama hukujaza ritani mwaka jana na una zaidi ya miaka 16, andika 0.

Fedha zielekeze kwenye akaunti ya benki iliyo kwa jina lako. Serikali ilianza kuachana na hundi za karatasi tangu Septemba 30, 2025, kwa hiyo asiye na akaunti aifungue kwanza. Ritani ya kielektroniki isiyo na kasoro kwa kawaida hulipwa ndani ya siku 21.

Kama kiingereza cha programu kinakuchosha, ofisi za VITA hujaza bure kwa wenye kipato cha wastani na cha chini. Ziko kwenye maktaba, vyuo na vituo vya jamii, na kituo cha karibu unakipata kwa kupiga 800-906-9887. Mwende pamoja, wewe na mzazi, siku moja, ili anayejaza aone ritani zote mbili. Kuhusu yule mtu wa mtaani anayejaza kwa malipo: anayelipwa kujaza ritani lazima atie sahihi na namba yake ya PTIN, ambayo IRS humpa kila anayejaza kwa malipo. Akikuambia utie sahihi peke yako kana kwamba umejaza mwenyewe, chukua karatasi zako uondoke. Ikigundulika ameandika uongo, IRS itakutafuta wewe.

Upande wa mzazi, penye fedha

Kwa mtoto aliyefikisha miaka 17, ile nafuu kubwa ya watoto imekwisha, na badala yake mzazi anapata nafuu ya dola 500. Watu huona ni ndogo wakasema basi mtoto ajitaje mwenyewe. Lakini mtoto huyohuyo wa chuo, akiwa chini ya miaka 24, ndiye anayempa mama asiye na mume haki ya kuwa mkuu wa kaya, ambapo makato ya kawaida ni 23,625 badala ya 15,750. Ndiye pia anayemwezesha kupata nafuu ya wafanyakazi wa kipato cha chini, EITC, ambayo kwa mtoto mmoja inafika dola 4,328. Halafu kuna nafuu ya masomo.

Nafuu hiyo inaitwa American Opportunity, inajazwa kwenye Fomu 8863 ya mzazi, na inafika dola 2,500 kwa mwanafunzi mmoja: dola 2,000 za kwanza za ada zinarudi zote, na robo ya 2,000 zinazofuata. Hadi 1,000 ya hiyo hulipwa hata kwa mzazi asiyedaiwa kodi. Inapatikana kwa miaka minne tu kwa mwanafunzi anayesomea shahada au cheti, aliyeandikishwa angalau nusu ya muda, na mzazi anaipata yote akiwa na mapato yasiyozidi 80,000, au 160,000 kwa mume na mke wanaojaza pamoja. Ada, malipo ya lazima ya chuo, na vitabu vinahesabiwa, hata vitabu ulivyonunua mtandaoni, kwa hiyo tunza risiti. Chumba, chakula na nauli havihesabiwi.

Anayemtaja mwanafunzi ndiye pekee anayeidai. Hata kama ulilipa ada kwa mshahara wako mwenyewe, sheria inachukulia kuwa mzazi ndiye aliyelipa. Usijaze 8863 kwenye ritani yako.

Sasa 1098-T. Sanduku la 1 ni malipo ya ada yaliyopokewa, la 5 ni ufadhili. La 5 likizidi la 1, wajazaji wengi husema mzazi hana kitu. Si lazima iwe hivyo. Tuseme ada ni 6,000, vitabu 600, na Pell Grant ni 7,395. Ukiielekeza Pell yote kwenye ada na vitabu, gharama zimekwisha, mzazi anapata sifuri, na 795 zilizobaki ni mapato ya mwanafunzi. Lakini Pell inaruhusiwa kulipia pia maisha. Ukihesabu 2,600 tu ndizo zilizokwenda kwenye ada, zinabaki gharama za 4,000, na mzazi anadai hadi 2,500. Zile 4,795 nyingine za Pell zinakuwa mapato ya mwanafunzi, zinaandikwa kwenye Schedule 1, mstari wa 8r.

Mwanafunzi anaumia? Mshahara 9,800 na ufadhili 4,795 ni 14,595, na riba 35, jumla 14,630. Kwa hesabu ya makato ya kawaida, ufadhili unaotozwa kodi unahesabiwa kama wa jasho, kwa hiyo makato yake ni 14,595 ukiongeza 450, yaani 15,045. Kodi bado sifuri.

Hilo ni halali, lakini lina masharti. Uwe kweli ulitumia kiasi hicho kwa kuishi, na ufadhili wenyewe usiwe umefungwa kwa ada pekee, maana baadhi ya ufadhili wa vyuo una masharti hayo. Na jumla ikivuka makato, ufadhili unageuka sura: kwenye hesabu ya kodi ya watoto, Fomu 8615, unachukuliwa kuwa mapato yasiyo ya jasho, na ya aina hiyo yanayozidi 2,700 yanaweza kutozwa kwa kiwango cha mzazi. Piga hesabu za ritani zote mbili kabla ya kutuma hata moja. Ukichagua njia hii, kodi ya jimbo iangaliwe pia.

Familia yenye bima ya afya ya Marketplace, soko la bima la serikali, inayolipiwa na ruzuku huogopa kwamba mshahara wa mtoto utaongezwa kwenye mapato ya kaya. Unaongezwa ikiwa tu mapato yake yalivuka mpaka wa kulazimika kujaza. Aliyejaza kwa ajili ya kurudishiwa 412 tu, mshahara wake hauingii kwenye Fomu 8962, inayokokotoa ruzuku hiyo.

Riba ya mkopo wa masomo iliyolipwa kwa mkopo ulio kwa jina la mtoto haidaiwi na yeyote mwaka ambao mtoto ametajwa.

Ikishaharibika

Umejaza, umesahau tiki, na ritani imepokelewa. Usitume ritani ya pili ya 1040. Subiri ya kwanza ishughulikiwe na fedha zifike, kisha tuma Fomu 1040-X, ya kusahihisha ritani, ukieleza kwa sentensi moja: mlipakodi anaweza kutajwa kuwa mtegemezi wa mtu mwingine. Kwa mwenye mshahara mdogo tu, namba hazibadiliki na hakuna cha kurudisha. Aliyejidai nafuu ya masomo ndiye atakayerudisha. 1040-X huchukua kwa kawaida wiki 8 hadi 12, pengine 16.

Mzazi asikae kuisubiri hiyo huku Aprili 15 inakaribia. Aombe namba ya siri ya IRS, IP PIN, kupitia akaunti yake kwenye tovuti ya IRS. Tangu msimu wa 2025, ritani ya kielektroniki yenye IP PIN ya mlipakodi mkuu hupokelewa hata kama mtegemezi ameshatajwa kwenye ritani nyingine. Ikishindikana, aichapishe, atie sahihi, aitume kwa posta iliyosajiliwa. Miezi kadhaa baadaye barua ya CP87A inaweza kufika nyumba moja au zote mbili ikisema mtu huyohuyo ametajwa mara mbili. Si faini. Aliye sahihi haambiwi ajibu kitu, aliyekosea ndiye anayetuma 1040-X. Kama mtoto ameshaituma, barua hiyo iwekeni kwenye faili pamoja na nakala yake.

Asiyewahi Aprili 15 ajaze Fomu 4868 apate hadi Oktoba 15. Muda huo ni wa kujaza, si wa kulipa, kwa hiyo anayedaiwa alipe Aprili.

Jimbo, na W-4 ya mwaka ujao

Texas, Florida, Tennessee na Washington hazitozi kodi ya mshahara, huko kazi imekwisha. Majimbo mengine mengi yana ritani yao, na yana swali lao la mtegemezi: jibu lilelile. Aliyefanya kazi ya likizo jimbo jingine kwa kawaida anajaza kama mgeni huko na kama mkaazi nyumbani. Ohio na Pennsylvania zina pia kodi za miji, ambazo programu za bure mara nyingi huziruka.

Ukianza kazi mpya utapewa W-4, fomu inayomwambia mwajiri akukate kodi kiasi gani. Kama mwaka jana hukudaiwa kodi yoyote ya serikali kuu na mwaka huu hutarajii kudaiwa, unaruhusiwa kujitangaza kuwa umesamehewa, na mwajiri hatakata kitu kwenye sanduku la 2. Msamaha huo unakwisha katikati ya Februari ya mwaka unaofuata, na usipojaza W-4 mpya utaanza kukatwa tena. Anayetarajia kuhitimu Mei na kuanza kazi ya kudumu Juni asiuguse: mshahara wa miezi saba utavuka makato ya kawaida, na atakutana na deni la Aprili akiwa ameshazitumia fedha.